Betri Iliyokufa Chini ya Mlima

Mama alikuwa na kitanda Voi, Jumanne na Ijumaa, saa moja kamili asubuhi. Nyumbani tulizoea kukiita kitanda. Kwa kweli ni kiti kirefu kinacholazwa nyuma, na kando yake mashine ya kusafisha damu, ambayo kwa saa nne hufanya kazi ambayo figo zake ziliacha kuifanya. Sisi tunaishi Werugha, juu, ambako ukungu huondoka unapotaka wenyewe. Kati yetu na kitanda hicho kulikuwa na mteremko wenye kona ambazo sijawahi kuzihesabu, kisha Mwatate, kisha lami iliyonyooka kando ya mashamba ya mkonge hadi Voi. Na kulikuwa na pikipiki yangu.

Gari la kwanza la abiria liliondoka lilipojaa, na lilijaa lilipotaka. Tulilijaribu mwanzoni, tukawa tunaingia wenzake Mama wakiwa wameshaunganishwa na mashine na kuanza kusinzia. Ndipo nikaamua kumbeba mwenyewe. Nilimfunga kwangu kwa leso mbili zilizounganishwa, kama anavyofungwa mtoto mgongoni, ila safari hii mtoto ndiye aliyekaa mbele.

Tulikuwa tunaondoka kabla ya mapambazuko, na tulishuka fri. Huku kwetu kila mwenye pikipiki anajua maana yake: ukishavuka kilele, unazima injini, unaweka gia huru, unaacha mlima ukubebe. Ufunguo unauacha umewashwa ili taa ya mbele ikuonyeshe njia na taa ya breki imwonye aliye nyuma. Petroli haitumiki hata tone. Ukifika chini, pikipiki ikiwa bado inaviringika, unaingiza gia, unaachia klachi, injini inaamka. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa siku ya kwanza kushika usukani, na aliyenifundisha alifundishwa vivyo hivyo. Anayeteremka huku injini inanguruma huonekana mgeni, au mtu aliyepata pesa juzi.

Mama alipenda sehemu hiyo kuliko zote. Mtetemeko wa injini ulimsumbua mgongo, na juu ya kelele hakuweza kuongea. Kwenye mteremko aliongea. Aliniambia ng'ombe gani auzwe na yupi asiuzwe kamwe, na nani alimpa mbegu ya viazi mwaka niliozaliwa. Mimi niliitikia "mmh" huku mguu wangu ukiwa juu ya breki na macho kwenye ukungu.

Mara ya kwanza pikipiki kutugomea ilikuwa pale chini, karibu na barabara inaponyooka. Niliachia klachi, injini ikatikisika mara moja kama mtu anayekataa kwa kichwa, kisha kimya. Nikapiga kiki. Nikapiga tena hadi goti likauma. Pikipiki yangu huchukua moto wa plagi kutoka kwa betri. Betri ikiwa chini sana, unaweza kupiga kiki mpaka jioni na plagi isitoe cheche. Lakini wakati ule sikuwa na hakika kwamba ni betri. Nilifikiri maji yameingia kwenye petroli. Nilifikiri ukungu umelowesha waya wa plagi. Mtu aliyekuwa akipeleka maziwa alituunganishia nyaya kutoka betri yake, tukawaka, tukafika tumechelewa dakika ishirini. Sista, muuguzi wa zamu, alitazama saa ya ukutani, akampima Mama kilo, akamlaza.

Nilisomea fizikia chuo kikuu miaka minne, nikarudi nyumbani na cheti na tabia mbaya ya kuuliza. Nilimuuliza daktari kwa nini saa nne na si tano. Mchungaji alipokuja kumwombea Mama nilimuuliza, kwa heshima zote, kama tungeweza kuombea figo moja kwanza tuone itakavyotofautiana na ile nyingine. Mama hakunisemesha siku mbili. Kwa hiyo fundi wetu wa pale sokoni aliponipa jibu bila hata kuishusha pikipiki yangu kwenye stendi yake, sikulikubali.

"Prof, hiyo betri imekufa. Nunua nyingine." Tangu nirudi hajawahi kuniita kwa jina lingine.

"Umejuaje?"

"Nimejua."

"Umeipima?"

Alichukua kipande cha waya, akagusa vichwa viwili vya betri kwa mpigo, cheche ikaruka. "Hiyo ndiyo mita yangu. Umeona cheche hiyo? Nyepesi kama uji wa matanga."

Mimi nilikuwa na mita ya kweli, ya nyaya mbili, niliyobaki nayo kutoka chuo. Nikaweka waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Volti kumi na mbili nukta tano. Nikamwonyesha.

"Mita inasema haijafa."

"Basi iambie mita ikusukume Ijumaa," alisema, na watu waliokuwa wakingoja tairi zao wakacheka hadi mmoja akashika ukuta.

Nyumbani nilifanya vipimo vyote ninavyovijua. Betri ikiwa imetulia: kumi na mbili nukta tano. Nikibonyeza stata: inashuka hadi kumi na kidogo, kisha inarudi. Injini ikiwa inanguruma na nimetia resi: kumi na nne, maana yake chaji inaingia. Nilizima ufunguo, nikapitisha umeme wa betri kupitia mita nione kama kuna waya unaovuja pikipiki ikiwa imelala. Sifuri. Nilikaa chini kwenye ukingo wa shamba nikiwa na karatasi yenye namba nzuri tupu, na hilo ndilo lililonitia hofu. Kitu kibovu chenye namba mbovu kinarekebishika. Hiki changu kilikuwa kizima kila mahali isipokuwa mahali pamoja, wakati mmoja, siku mbili za juma, Mama akiwa amefungwa mgongoni mwangu.

Mwishowe nilinunua betri mpya Voi bila kuamini kwamba ile ya zamani ilikuwa mbovu. Sijui aibu kubwa kuliko hiyo kwa mtu wa aina yangu. Nilinunua kwa woga, kama wanavyonunua watu maji ya baraka.

Ilidumu majuma matatu.

Mara ya pili ilikuwa Ijumaa. Tulikwama karibu palepale pa mara ya kwanza, hatua chache tu mbele, na hakukuwa na mtu wa maziwa. Nilimfungua Mama leso, nikamketisha juu ya jiwe la mpaka wa barabara, nikaanza kusukuma. Nilisukuma pikipiki nikikimbia, nikaruka juu, nikaachia klachi. Kimya. Nikairudisha. Nikasukuma tena. Lori la kabichi lilipita likatupulizia upepo na majani. Mama alikuwa akinitazama na mkono wake umefunika shingo, pale mrija wa kuunganishwa na mashine unapoingia, kama mtu anayezuia kitu kisimdondoke.

"Baba," alisema, "pumzika kidogo."

"Saa ngapi?"

"Usiniulize saa. Pumzika."

Nilijua saa. Ilikuwa kumi na mbili na dakika arobaini. Nilitaka kulia, nikapiga kiki badala yake, na nilipomaliza kupiga kiki nikalipiga teke tangi la petroli. Alama bado iko. Dereva wa tuktuk aliyetokea Mwatate ndiye aliyetuokoa, na hata yeye alitafuta nyaya chini ya kiti chake kwa muda uliotosha mtu kuzeeka.

Tulifika saa mbili kasoro dakika nane. Mashine ilikuwa imeandaliwa na inangoja, na wagonjwa wa zamu ya pili walikuwa na saa yao, kwa hiyo Mama akapewa saa tatu tu. Sista alinivuta kando. Ni mwanamke mpole, na upole wake ulinifanya nisikie vizuri zaidi.

"Mdogo wangu, mimi naelewa. Lakini kuna watu wanangoja nafasi hii. Wengine wanaenda hadi Mombasa kuitafuta. Jumanne, saa moja ikipita na hamjafika, nitalazimika kumlaza mwingine. Na akishalazwa, ratiba inabadilika. Si kwa siku moja."

"Mama atakuwa wapi?"

"Kwenye orodha," alisema.

Mama alipounganishwa na mashine, nilifungua betri kutoka kwenye pikipiki, nikaibeba mkononi kama kichwa cha mbuzi, nikaenda dukani nilikoinunua.

Duka hilo liko Voi mjini, na mwenyewe ni mama wa Kiislamu, mtu mzima, wa familia iliyotoka pwani zamani. Huketi nyuma ya meza ya vioo, buibui lake limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko, vidole vyeusi kwa risasi ya betri. Nilianza kusema kabla sijamwamkia.

"Mliniuzia betri mbovu."

Alinitazama. "Waalaikumu salaam," akasema.

Wateja wawili wakaangalia chini. Nikatafuta sauti yangu upya. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa niambie. Imekufa lini, imekufia wapi, na nani alikuwepo?"

Nilimweleza, pamoja na namba zangu zote. Alisikiliza akiifuta betri kwa kitambaa. Kisha hakuweka mita. Alichukua balbu ya taa ya mbele ya pikipiki iliyosongwa nyaya mbili, akaiunganisha kwenye betri, ikawaka, akaiacha iwake juu ya meza, akaendelea kumhudumia mteja mwingine.

"Unaipima lini?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo yapimwa. Betri haipimwi ikiwa imelala. Hata mie nikilala, ukinipima utaniona mzima."

Baada ya dakika chache mwanga ukaanza kugeuka manjano. Akaichomoa balbu.

"Si mbovu. Ina njaa," alisema. "Nitaitia chaji mama yako akiwa huko, ukirudi utaiona." Na niliporudi, karibu saa tano, aliwasha balbu ileile, tukaitazama pamoja dakika kumi nzima, ikabaki nyeupe. Betri ilikuwa nzima. Chaji ya pikipiki ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyemvunjia mtu heshima mbele ya wateja wake.

"Samahani, mama."

"Sitaki samahani, nataka jibu. Maana yake kuna kitu chaila betri hii, na sikijui. Nikwambie kitu? Nyinyi wa milimani, wa Werugha, wa Chawia, ndio mwaniletea betri zenye njaa. Watu wa Kishushe, barabara yao yatikisa mpaka meno, mawe matupu, vumbi, na betri zao zadumu. Mie nasema ni baridi yenu ile."

"Baridi ya Werugha haiwezi kuua betri, mama. Kuna nchi zina barafu na watu wanaendesha."

"Haya. Si baridi." Alinisukumia betri juu ya kioo. "Basi ni nini? Wewe ndiwe msomi. Usirudi kununua nyingine hapa kabla hujaniambia. Sitakuuzia."

Siku tatu zilizofuata sitaki kuziandika zote. Ile saa moja iliyopotea ilikaa ndani ya Mama kama maji, kwa sababu ilikuwa maji kwelikweli, yale ambayo mashine haikuwahi kuyatoa. Jumamosi miguu ilivimba hadi magotini. Jumapili usiku hakuweza kulala chali. Alilala akiwa ameketi, ameegemea gunia la mahindi, akivuta pumzi fupifupi kwa mdomo. Alikuwa anaruhusiwa kikombe kimoja cha maji kwa siku, na alianza kukinywa kwa kijiko. Wanawake wa kanisani walikuja wakaimba. Sikumuuliza mtu chochote. Nilikaa jikoni nikiwasikiliza, na kama wangenitaka nipige magoti ningepiga.

Badala yake nilikuwa na karatasi. Upande mmoja niliandika Kishushe, upande mwingine Werugha. Kishushe: joto. Werugha: baridi. Kishushe: vumbi. Werugha: unyevu. Nilifikiria kutu kwenye viungo vya nyaya, nikavifungua vyote, nikavisugua kwa msasa, nikavirudisha. Namba hazikubadilika. Niliandika pia: Kishushe, tambarare. Werugha, milima. Nikaitazama mistari hiyo miwili na nikaipita, kwa sababu nilifikiri juu ya kupanda. Nilifikiri mlima unaichosha injini. Kichwani mwangu kushuka hakukuwa kazi. Ni nani angeuliza swali juu ya kitu ambacho ni cha bure?

Jumatatu jioni ndipo nilipotambua jambo dogo kuhusu mimi mwenyewe, si kuhusu betri. Kila kipimo nilichowahi kufanya, pikipiki ilikuwa imesimama. Uani, kwenye stendi, mchana, mkono mmoja mfukoni. Pale chini ya mlima, penye ugonjwa wenyewe, sikuwahi kupima hata mara moja, kwa sababu pale nilikuwa nikisukuma na kulaani. Na nilipofika Voi injini ilikuwa imeshaifufua betri kiasi njia nzima. Nilikuwa kama daktari anayemwona mgonjwa siku za sherehe tu.

Nilifungua kiti, nikafunga nyaya za mita kwenye betri kwa utepe, nikazipitisha pembeni hadi zikatokea mahali Mama anapoweka mikono. Sikuweza kutazama mita na kona kwa pamoja. Hakukuwa na mtu mwingine kwenye pikipiki hiyo isipokuwa yeye.

"Nikushikie hiki?" aliuliza Jumanne asubuhi nilipokuwa nikimfunga leso. Sauti yake ilikuwa imekwisha katikati ya sentensi.

"Unisomee tu namba. Kila ikibadilika."

"Mimi niliishia darasa la saba."

"Zina nukta katikati, Mama. Basi."

Tulipanda hadi kilele injini ikiwaka. Nyuma yangu alisoma kumi na tatu nukta nane na akanyamaza, kwa kuwa haikubadilika. Juu kileleni nikafanya nilichokifanya maisha yangu yote ya pikipiki: nikazima injini, nikaacha ufunguo umewashwa, nikaacha mlima utuchukue. Ukimya ukatufunika. Taa ikachimba shimo la manjano kwenye ukungu.

"Kumi na mbili nukta nne," Mama alisema.

Kona ya kwanza. Ya pili.

"Nukta mbili."

Sikufikiri lolote bado. Nilikuwa nikitafuta ukingo wa barabara.

"Baba, ukikanyaga breki inashuka zaidi. Ukiachia inapanda kidogo."

"Nini?"

"Kanyaga." Nikakanyaga. "Kumi na moja nukta tisa. Achia." Nikaachia, kidogo tu, mteremko ni mkali. "Kumi na mbili kamili. Unaona? Kanyaga tena."

Taa ya breki. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki kutoka kileleni hadi Mwatate, kila safari, na balbu ya nyuma ilikuwa ikiwaka kutoka kileleni hadi Mwatate, kila safari, pamoja na taa kubwa ya mbele, na simu yangu niliyoichomeka kwenye chaji ya usukani ili hospitali wakipiga wanipate. Vyote vilikuwa vinakunywa kwenye betri moja ndogo, na injini, kitu pekee kinachoweza kuirudishia, nilikuwa nimeizima kwa mkono wangu mwenyewe. Mlima mzima, taa zikiwaka, chaji sifuri. Na nikishakuwa nyumbani, safari zangu zote fupifupi za sokoni na dukani ni kushuka fri vilevile, hivyo deni la betri halikulipwa. Kishushe hakuna pa kushuka fri. Kishushe injini inawaka muda wote kwa sababu haina chaguo. Yule mama wa dukani alikuwa na ushahidi wote na sababu isiyo sahihi. Mimi nilikuwa na sababu chini ya mguu wangu.

"Kumi na moja nukta sita," Mama alisema. "Ni mbaya?"

"Ni mbaya."

"Kumi na moja nukta tano."

Haikuwa imebaki nguvu nyingi ya kuamsha cheche, na tulikuwa bado juu. Ningesubiri hadi chini, tungekwama palepale, saa moja ingepita, na mwingine angelazwa. Nilichomoa simu. Nikasema, "Mama, nishike sana, nazima taa." Alinishika. Nikazima taa ya mbele, na ukungu ukawa ukuta wa kijivu uliotugusa uso. Nikatoa mguu kwenye breki ya nyuma ili hata ile balbu isichukue chochote. Pikipiki ikaanza kukimbia. Nilikuwa naikumbuka kona ya mbele yetu, au nilitumaini naikumbuka. Gia ya tatu. Nikaachia klachi.

Ikatikisika. Ikakohoa. Ikafa.

"Kumi na moja nukta saba," Mama alisema, bado anasoma, kama nilivyomwambia.

Nikavuta klachi, nikaiacha pikipiki ikimbie zaidi, kasi ambayo sikuwahi kwenda nayo nikiwa na mtu nyuma, nikaachia tena. Ikakohoa mara mbili, ikashika. Injini ikanguruma, nikatia resi, nikabana breki, nikawasha taa, na ukingo wa barabara ukatokea kulia kwetu, karibu kuliko nilivyodhani.

"Kumi na tatu!" Mama alipiga kelele sikioni mwangu, juu ya injini. "Inapanda! Kumi na tatu nukta tano! Kumi na tatu nukta saba!"

Hakusema kitu kingine njia yote. Hangeweza kusikika, na mtetemeko ulimfanya aegemeze paji la uso wake katikati ya mgongo wangu. Niliusikia uzito wa kichwa chake kila tulipopita tuta. Sikuizima injini tena, pale chini wala Mwatate wala kwenye njia panda. Tulipoingia Voi jua lilikuwa limetoka na udongo ulikuwa mwekundu kila upande.

Tulifika saa moja kasoro dakika sita.

Nilimfungua Mama leso mlangoni. Kwenye benchi la nje aliketi mzee mmoja, peke yake, mfuko wa nailoni magotini, ndani yake blanketi iliyokunjwa kwa uangalifu. Alikuwa amevua kiatu kimoja. Alitutazama tukipita, akamtazama Mama, kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani. Sikuhitaji kuelezwa alikuwa amekuja kufanya nini.

Sista alitokea, akatuona, akapumua. "Mama, karibu tupime kilo," alisema, na akamshika mkono. Alipogeuka alimwambia yule mzee kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, leo wamefika."

"Nimewaona," alisema mzee.

Mlango ukafungwa. Nilibaki mimi na yeye. Sikujua kama niondoke au niketi. Nikaketi.

"Nyinyi ndio wa pikipiki?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Niliambiwa yawasumbua. Nikaambiwa nije nikae hapa, huenda. Nilitoka Kishushe jana mchana." Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Ilikuwa na shida gani?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwa urefu ambao haukuhitajika, taa ya mbele na ya breki, volti, kushuka fri, jinsi betri inavyojifanya nzima ikipumzika. Nilikuwa nikizungumza kwa haraka, kwa sababu nikinyamaza ningelazimika kusema jambo jingine na sikulijua. Alisikiliza yote.

"Na sasa imepona," alisema.

"Imepona."

"Ni vizuri. Mama ni mama." Akatazama chini kwenye mfuko wake. "Basi nitajaribu Ijumaa."

"Ijumaa tutafika," nilimwambia. Nilitaka asipoteze safari, Mungu anajua, nilitaka tu asipoteze safari. Lakini nilisikia jinsi ilivyotoka.

"Haya," alisema mzee.

Aliinama kuvaa kiatu na hakuweza kufika. Nilipiga magoti mbele yake, nikaupanua mdomo wa kiatu, nikashika kisigino chake kwa vidole vitatu, nikausukuma mguu ndani polepole. Ulikuwa umevimba, haukutaka kuingia. Nilisukuma tena, akaguna, ukaingia. Nilipoachia, vidole vyangu vilikuwa vimeacha vishimo vitatu kwenye ngozi yake juu ya ukingo wa kiatu, na tulivitazama wote wawili, yeye na mimi, vikichukua muda wao kujaa.